Siku Nilipopimwa Katika Pipa la Maji

Wiki iliyopita nilirudi kutoka kazini nikakuta beseni la Bibi juu ya meza ya jikoni. Dada yangu Gaudensia alikuwa amepita, hakunikuta, akamwachia mwanangu mzigo na kurudi zake Mshangano, kwenye nyumba ya Bibi, kabla mvua haijamkamata njiani. Ni beseni la bati, la yale meupe yenye ukingo wa bluu, rangi imebanduka sehemu tatu na kitako kimeingia ndani kidogo. Ndani yake kulikuwa na fundo la kipande cha kanga. Sikulifungua, nikaliweka pembeni, maana pua yangu ilikuwa imeshanipeleka kwingine. Beseni lilinukia moshi na majivu yaliyolowana. Bibi tulimzika miezi minne iliyopita, na siku ile sikulia, watu wakanisifu kwamba nimejikaza. Sasa nikaliinamia beseni hapo jikoni kwangu Majengo, nikalia mpaka mwanangu akaja kuuliza kama kuna mtu mwingine amekufa.

Harufu ile ilikuwa ya siku moja tu katika mwaka. Bibi alihifadhi maharage ya mbegu ndani ya mtungi, akiyachanganya na majivu ili fukusi wasiyaguse, na fukusi kwa ukaidi wao waliyagusa hivyo hivyo. Shamba likishalowana vizuri aliyamwaga maharage yote ndani ya beseni, akamimina maji, akakoroga kwa mkono mara moja, kisha akatulia. Mimi na Gaude tulichuchumaa pembeni, na hakuna aliyeruhusiwa kuongea. Majivu yalipanda yakatanda juu, na chini yake maharage yakaanza kujigawa yenyewe. Mengi yalishuka. Machache yalibaki yakielea, na kwa macho yangu hayakuwa na tofauti yoyote na wenzake: rangi ile ile, ukubwa ule ule, mengine hata yaling'aa zaidi. Hakuna aliyeyasukuma wala kuyaita. Nilikuwa na miaka kama kumi, na sikuwa nimewahi kuona kitu kinachotisha na kupendeza kwa pamoja namna ile.

Bibi alichukua moja lililoelea, akalipasua kwa ukucha wa dole gumba, akanionyesha. Ndani kulikuwa na unga na kimdudu kimoja kimejikunja.

"Nje zima, ndani limeliwa," alisema. "Macho yako hayaoni. Maji yanaona."

Mtu mzima akisikia maneno hayo anayaacha pale pale penye maharage. Mimi niliyabeba nikaenda nayo mbali. Kila Jumamosi tulikuwa tukifundishwa mafundisho ya komunyo ya kwanza, na katekista wetu, mzee mpole mwenye sauti ya kukwaruza, alishatuambia kwamba dhambi isiyoungamwa humla mtu kutoka ndani, taratibu, huku kwa nje akionekana mzima. Nikaunganisha katekista na fukusi, nikapata elimu yangu mwenyewe. Maji yanaona ndani. Kilicho safi yanakipokea, kilichooza yanakikataa. Niliamini hivyo kabisa, na kwa kuwa nilikuwa mtoto anayependa kujiona ana akili, sikumwuliza mtu.

Gaude alikuwa mtoto wa mama mkubwa, amenizidi mwaka mmoja. Mama yake alishafariki, na baba yake aliyekuwa Madaba alimleta kwa Bibi kwa sababu shule ya kwetu ilikuwa karibu. Mimi nami nilikaa hapo kwa Bibi siku za shule, maana mama yangu alifanya kazi hospitalini kwa zamu. Tulilala kitanda kimoja, yeye upande wa ukutani. Alikuwa mwembamba, mkimya, na mtiifu kiasi cha kuniudhi.

Sasa niseme jambo lenyewe, maana nimelizungukazunguka vya kutosha. Juu ya meko ya Bibi kilining'inia kibuyu chenye karanga za mbegu, zikiwa bado na maganda yake, zikipata moshi. Mwaka ule nilizila. Sikuzila kwa njaa, kwetu njaa haikuwepo. Nilizila kwa sababu zilikuwa pale juu na zilikatazwa. Kwa siku kadhaa, Bibi akienda shambani na Gaude akienda kisimani, nilikiburuta kinu, nikakiinamisha mdomo chini, nikapanda juu yake na kuchota konzi moja, na maganda nikayasukuma kwenye ufa wa ukuta nyuma ya kitanda. Ufa ulikuwa upande wa Gaude. Siwezi kuapa kwamba nilipanga iwe hivyo, wala siwezi kuapa kwamba sikupanga.

Bibi alipokishusha kibuyu na kukikuta chepesi, hakupiga kelele. Alipekua nyumba nzima kwa utulivu mpaka akayapata maganda, akatuita wote wawili. Kwake yeye kula mbegu halikuwa kosa la udokozi. Aliyekula mbegu alikuwa amekula shamba zima la mwaka unaofuata, na mtu wa namna hiyo hakumtaka ndani ya nyumba yake. Alituuliza mara moja tu. Gaude aliyakodolea macho maganda. Mimi nikafungua mdomo nikasema nimemwona Gaude akipanda juu ya kinu.

Kwa Bibi kinu hakikanyagwi. Nilijua hilo, na ndiyo maana nililisema. Gaude alianza kulia, na Bibi akayachukua machozi yake kuwa ndiyo jibu. Akatuma ujumbe Madaba kwamba baba mkubwa aje amchukue mwanawe.

Kati ya siku ile na siku baba mkubwa alipofika ilipita Jumamosi moja, na tulitumwa mtoni Luhira kufua, wote wawili, kama kawaida. Gaude hakunigombeza. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko kugombezwa. Tulipomaliza kuanika nguo kwenye majani tuliingia kuoga pale kwenye kidimbwi ambapo maji hutulia. Wenzetu wa mtaani walikuwa wanashindana kulala chali juu ya maji. Gaude alijaribu, akatoa pumzi kwa uoga, akazama moja kwa moja hadi mchangani, akainuka akikohoa. Nami nikajaribu. Nilijilaza, nikavuta pumzi, nikabaki juu. Masikio yalikuwa ndani ya maji na uso ulikuwa hewani, na sikuwa nafanya chochote. Watoto walipiga makofi.

Nilipogeuza shingo nilimwona Gaude amesimama, maji yamemfika kifuani, ananitazama bila kijicho chochote.

"Wewe maji yanakupenda," aliniambia.

Nilitoka mtoni mbio, nikavaa nguo bila kujifuta. Yeye alishuka chini na mbegu nzima. Mimi nilibaki juu na yaliyooza. Maji yalikuwa yametugawa mbele ya watu, na ilikuwa bahati yangu tu kwamba hapakuwa na mwingine aliyejua kuyasoma. Siku iliyofuata baba mkubwa alifika, akanywa chai, akaondoka na Gaude na kimfuko chake kwenda kupanda basi la Madaba. Sikutoka nje kumuaga. Nilijifanya natafuta kiatu.

Baada ya hapo nilianza kuogopa maji. Kuoga nilijifuta kwa kitambaa. Kwenda mtoni nilipata tumbo la kuuma kila Jumamosi. Hata nikipewa kikombe cha maji ya kunywa nilifumba macho kwanza, nisije nikaona yanavyonitazama. Ukisoma haya utacheka, na mimi nacheka, lakini wakati ule nilikonda. Bibi alidhani ninamkumbuka Gaude, na hapo alipatia nusu. Nilikuwa nikisubiri kwa hofu siku ambayo yeye mwenyewe angeniona nikielea.

Katikati ya hofu hiyo ndipo tulipofundishwa densiti. Mwalimu wetu wa sayansi, Mwalimu Tarsila, alikuwa mgeni shuleni, mfupi, mwenye tabia ya kukunja mikono ya blauzi kana kwamba anakwenda kukanda unga. Hakupenda tuimbe majibu. Siku ile aliingia na jagi la maji, jiwe, kijiti, na kikombe cha maharage, akatuuliza kwa nini kijiti kikubwa kinaelea na kijiwe kidogo kinazama. Darasa zima likasema jiwe ni zito. Akatuuliza je, gogo la mti na punje ya mchanga, kipi kizito. Tukasema gogo, na hapo tukajikanganya wenyewe. Kisha akamwaga maharage ndani ya jagi, na yakaanza kujigawa mbele ya macho yangu. Akanichagua mimi nieleze kwa nini mengine yanaelea.

Nikasema yana dhambi.

Darasa liliangua kicheko, na mwalimu akalitazama mpaka likanyamaza. Yeye hakucheka. Alilichukua harage moja lililoelea, akalipasua, akalipitisha dawati kwa dawati, kisha akatuambia tutazame ukubwa wake na tufikirie kilichomo. Fukusi amekula nyama ya ndani, ganda limebaki na kimo kile kile. Nafasi ni ile ile, vitu vilivyomo ni vichache. Akaandika ubaoni kwamba densiti ni tungamo gawanya kwa ujazo, yaani ni kiasi gani cha kitu kimejazwa katika nafasi yake, na kwamba lita moja ya maji ina kilo moja, kwa hiyo densiti ya maji ni moja. Kilichozidi moja kinazama. Kilichopungua moja kinaelea.

"Maji hayachagui," alisema. "Hayajui chochote. Yanasukuma kila kitu sawasawa."

Nilinyoosha kidole kabla sijajua nitasema nini, nikauliza, na mtu je? Aliniuliza mtu yupi. Nikasema mtu yeyote anayeelea. Alinitazama, na nadhani aliona kwamba sikuuliza kwa ajili ya mtihani. Mwalimu mwingine angenijibu kwa mdomo. Yeye alisema badala ya kubishana tupime.

Kesho yake tulikwenda darasa zima, tumepanga mstari, hadi kwa jirani wa shule aliyekuwa akinunua mahindi. Alinisimamisha juu ya mizani yake katikati ya magunia, akasogeza kijiwe cha chuma taratibu mpaka mkono wa mizani ukatulia. Kilo ishirini na nane. Tukarudi shuleni kwenye pipa la kukingia maji ya mvua. Mwalimu alilijaza hadi likafurika na kukoma, akaniambia niingie na gauni langu la michezo, nivute pumzi, niishike, nizame hadi utosini huku yeye akinikandamiza mabega. Maji yalikuwa ya baridi mno. Nilifumba macho. Nilifikiri, sasa yatasema. Nikasikia maji yanamwagika nje ya pipa na sauti za wenzangu zikija kutoka mbali, na mikono ya mwalimu ikitumia nguvu kunishusha, maana nilikuwa nakataa kwenda chini.

Nilipotoka, wakaanza kulijaza tena pipa kwa jagi la lita moja, wakihesabu wote kwa sauti. Hilo ndilo wazo ambalo hadi leo linanisisimua mwili. Nafasi niliyoiacha ndani ya maji ilikuwa inahesabika. Mimi, na siri zangu zote, nilikuwa shimo lenye umbo la mtoto, na jagi moja moja lilikuwa linalijaza. Ishirini na saba. Ishirini na nane. Ishirini na tisa, na pipa likafurika. Kilo ishirini na nane gawanya kwa lita ishirini na tisa. Tulifanya hesabu kwenye vumbi kwa kijiti: sifuri nukta tisa saba. Nilielea kwa kupungukiwa na kitu kidogo sana.

Wenzangu walishangilia, lakini mwalimu alikuwa hajamaliza. Aliniambia niingie tena, na safari hii nitoe pumzi yote, mpaka ya mwisho. Niliitoa. Nikashuka. Hakuna aliyenikandamiza, nilishuka mwenyewe mpaka magoti yakagusa kitako cha pipa, na kwa sekunde chache nilikaa pale chini, mzima, nimepokelewa. Nilipotoka wakahesabu tena: ishirini na saba na nusu. Moja nukta sifuri mbili. Mtoto yule yule, kilo zile zile. Tofauti ya kuelea na kuzama ilikuwa lita moja na nusu ya hewa.

Nilisimama pale nikidondosha maji na kutazama namba mbili kwenye vumbi. Nimeona mambo makubwa tangu siku ile, nimezaa, nimezika, nimeona bahari, lakini mshangao wa namna ile haujanirudia. Dunia nzima ilikuwa na namba ndani yake, jiwe, harage, mimi, na namba hiyo haikuwa inamchukia mtu. Sikuwa nimeoza. Nilikuwa nimevuta pumzi tu. Nilitaka kucheka na kulia, na nilifanya yote mawili, na mwalimu akadhani ni baridi, akanifunika kitenge chake.

Furaha hiyo ilidumu hadi nusu ya njia ya kurudi nyumbani. Nilikuwa natembea nikirukaruka madimbwi, siyaogopi tena, na nikawa najirudia maneno ya mwalimu kwamba maji hayajui chochote. Ghafla miguu ikawa mizito. Kama maji hayajui, basi hakuna anayejua. Siku zote zile nilikuwa nangoja maji yanitaje, na kumbe hayatanitaja kamwe. Bibi hatajua. Gaude atabaki Madaba na jina la mla mbegu mpaka azeeke. Katika dunia yote ile kubwa yenye namba, ukweli ule ulikuwa umekaa mahali pamoja tu, ndani yangu, na hakuna mizani ya kuupima. Nilikuwa mtoto, na nilipata woga mkubwa zaidi kuliko ule wa kwanza.

Nilimkuta Bibi uani anatwanga mahindi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kusimamisha mchi. Nikasema, "Bibi, aliyepanda juu ya kinu ni mimi."

Mchi ulibaki hewani. Kisha aliushusha polepole, akauegemeza ukutani, akaketi juu ya kigoda. Nilingoja fimbo. Nilimweleza yote, karanga, ufa, mto, hata pipa, nikichanganya vitu, na sidhani kama alielewa habari za densiti. Alipofungua mdomo aliniuliza swali moja tu, kama Gaude alijua kwamba ni mimi. Nikasema alijua. Bibi akajishika kifua. Hakunichapa, si siku ile wala baadaye, na nilitamani sana anichape.

Jumamosi yake tulipanda basi la Madaba, mimi na yeye, amevaa kitenge chake cha kanisani. Baba mkubwa alitupokea kwa mshangao, akataka kuleta viti, Bibi akakataa kukaa. Alisema aitwe mtoto. Gaude alitoka jikoni akijifuta mikono, na alipotuona alikunja magoti kumsalimia Bibi, jinsi tulivyofundishwa. Lakini Bibi alimuwahi. Mwanamke yule, ambaye watoto na hata watu wazima walimpigia magoti mtaa mzima, alishuka chini kwenye udongo mbele ya mjukuu wa miaka kumi na moja, akashika mikono yake miwili.

"Mjukuu wangu, nilikuonea," alisema. "Unisamehe."

Mtoto hawezi kusimama juu ya mtu mzima aliyepiga magoti, kwa hiyo Gaude naye akashuka, akawa chini zaidi, na wote wawili wakawa wanalia. Baba mkubwa alivua kofia, akachuchumaa. Mimi nikagundua kwamba katika ua ule nilibaki nimesimama peke yangu, kwa urefu wangu wote, nikashuka na mimi. Maneno niliyoyasema siyakumbuki. Ninakumbuka udongo wa Madaba kwenye magoti, na kwamba Gaude hakuniangalia.

Alirudi Mshangano shule zilipofunguliwa, lakini si kwangu. Alilala na Bibi, na alinisemesha kwa mambo ya lazima tu, ndoo, daftari, chumvi. Nilistahili. Miezi ilipita hivyo. Halafu Jumamosi moja tukiwa mtoni, bila utangulizi, alikuja akasimama mbele yangu ndani ya maji na kusema nimfundishe kuelea. Nilimweleza habari za pumzi, kwamba aivute na asiiachie. Nikaweka viganja vyangu chini ya mgongo wake, nikausikia uti wake wa mgongo, mwembamba, na moyo wake ukigonga.

Alitazama juu mbinguni. "Toa mikono," akaniambia.

Nikaitoa, na akabaki juu.

Haya yote yalinirudia jikoni, beseni likiwa mapajani na mwanangu amesimama mlangoni. Baadaye nilikumbuka fundo la kanga, nikalifungua. Karanga, na maganda yake, zimekaushwa kwa moshi wa meko yale yale ya Bibi. Nilimpigia simu Gaude, naye alijua kabisa ni kwa nini nimepiga.

"Za mbegu hizo," alisema, na nikamsikia anatabasamu. "Bibi aliziacha ziwe zako."

Nimezitundika juu ya jiko, mahali ambapo mkono wangu unafika bila kupanda juu ya kitu chochote. Nimezihesabu mara mbili. Sijala hata moja.